Sahani za bibi, nambari ya nyuma inasema 1902, ni kweli?

Mjukuu_wa_Mwisho:
Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wenye uelewa wa vyombo vya zamani vya mezani. Bibi yangu mzaa mama alitutoka mwaka jana na mimi ndo nimeachiwa sanduku la vyombo vyake, vile ambavyo tukiwa watoto tulikuwa tunaviangalia tu kupitia kioo cha kabati, na ukipita mbio karibu na lile kabati unaitwa jina lako lote. Nilikuwa naogopa kulifungua, juzi ndo nimepata nguvu.

Vipo 31 jumla. Sahani bapa 8 za bluu na nyeupe zenye ile picha ya daraja, watu watatu wanavuka na ndege wawili wanaruka juu. Vikombe 6 na visosi 7 vyenye picha hiyohiyo (kikombe cha saba hakipo). Halafu mabakuli 10 meupe yana mstari mwembamba wa dhahabu ukingoni, hayana picha.

Kwenye ukoo tumekua tukiambiwa kwamba hivi ni vya harusi ya mama yake bibi, yaani kabla ya Vita vya Kwanza. Sasa nimegeuza bakuli nimekuta mhuri wa jua linachomoza, jina J. & G. Meakin, neno SOL na nambari 391413. Nimetafuta nikakuta jedwali la nambari za usajili za Uingereza, 391413 inaangukia 1902. Nilifurahi mno maana inakubaliana kabisa na yale ya ukoo.

Shida ni kwamba dada yangu mkubwa anataka tugawane, mimi nasema kama ni seti moja ya 1902 basi isitenganishwe, ikae pamoja hata kama itakaa kwake. Kwahiyo naomba kujua: 1902 ni sahihi? Ni seti moja kweli? Na je tunaweza kulia chakula au ndo vya kuangalia tu?


Kitako_cha_Sahani:
Pole sana kwa msiba ndugu yangu, na hongera kwa kuanza na kugeuza chombo maana wengi wanaangalia ua la mbele na kubahatisha.

Ila nikwambie mapema kabla hujaenda kwa dada yako na hiyo 1902. Hiyo 391413 sio nambari ya muundo (yaani mchoro au umbo la chombo). Ni nambari ya usajili wa chapa ya biashara, yaani ile chapa yenyewe ya jua (sol ni jua kwa Kilatini). Hayo ni madaftari mawili tofauti kabisa. Uingereza walianza kusajili miundo kwa nambari za mfululizo mwaka 1884, wakaanzia 1, na nambari za namna hiyo huandikwa Rd No mbele yake, hizo ndo zenye lile jedwali ulilolikuta. Ukichukua nambari ya chapa ukaipeleka kwenye jedwali la miundo lazima utapata mwaka, kwasababu jedwali halijui umeleta nini, linakupa tu mwaka wa nambari hiyo. Na hapa linakupa 1902. Wengi sana wameingia hapo hapo, na kinachochanganya zaidi ni kwamba neno la usajili huwa lipo karibu na SOL.

Uthibitisho wake ni rahisi, angalia vyombo vingine vya J. & G. Meakin vyenye jua hilo, vya maua, vya mistari, vyeupe vitupu, vyote utakuta 391413. Muundo mmoja una nambari yake, haiwezekani miundo hamsini ikawa na nambari moja.

Na hata ingekuwa Rd No ya kweli, ingekwambia mwaka ambao mchoro au umbo lilisajiliwa, sio mwaka bakuli lako lilipotoka kwenye tanuri. Kiwanda kinaweza kusajili leo kikaendelea kutengeneza miaka ishirini. Kwahiyo Rd No inakupa mwaka wa chini tu, chombo hakiwezi kuwa kabla ya hapo.

Sasa fanya hivi, usigeuze bakuli moja. Geuza VYOTE 31, kimoja kimoja, mchana kwenye mwanga wa dirisha, uandike kila herufi unayoiona hata kama unadhani haina maana. Uandike kama mhuri umechapwa kwa rangi au umekandamizwa kwenye udongo. Hasa angalia kama imeandikwa England peke yake au Made in England. Tuletee hapa.


mama_kabati:
Naongezea kwa Kitako. Kabla ya kusoma maandishi soma udongo kwanza, udongo haudanganyi.

Chukua sahani, weka vidole nyuma yake, iinue mbele ya taa yenye nguvu. Ukiona kivuli cha vidole hiyo ni kauri halisi au kauri ya mifupa (kweli ina majivu ya mifupa ya ng'ombe, karibu nusu ya mchanganyiko). Usipoona kitu ni udongo wa kawaida uliopakwa gleizi (ile ngozi ya juu inayong'aa kama kioo). Hii inatokana na moto, udongo wa kawaida unachomwa kama nyuzi 1000 mpaka 1150 hivi ukabaki na vitundu ndani, kauri ngumu inapelekwa 1300 mpaka 1400 mpaka unaanza kuwa kama kioo. Ndo maana sahani za udongo zikizeeka zinapata zile nyufa nyembamba kama nywele na doa la kahawia linatembea chini ya gleizi, maji yameingia ndani.

Na tafadhali tena tafadhali usiloweke kwenye dawa ya kung'arisha nguo ili doa litoke!! Inaingia kwenye zile nyufa, ikikauka inaacha chumvi ndani na ile chumvi inaisukuma gleizi kwa chini inabanduka vipande vipande. Nimeona sahani nzuri imeharibika hivyo, mwenyewe alikuwa anaisafisha kwa mapenzi. Maji ya vuguvugu, sabuni ya kawaida, kitambaa laini, basi. Pale penye dhahabu usisugue kabisa, dhahabu ile imewekwa juu ya gleizi, haina kinga yoyote.


Mjukuu_wa_Mwisho:
Asanteni sana jamani, nimeumia kidogo kuhusu 1902 ila nimeelewa. Nimekaa leo kuanzia asubuhi na daftari nimegeuza vyote.

Mabakuli 10: yote yana jua na SOL na 391413, chini yake Made in England.

Sahani 8: hapa nimeshtuka maana siku zote tulidhani ziko sawa. Sita zimeandikwa Willow, Johnson Bros, Made in England, mhuri mdogo wa bluu. Mbili zilizobaki ni Johnson Bros pia ila mhuri ni mkubwa una maneno mengi, yanasema rangi iko chini ya gleizi na inavumilia sabuni za kemikali, na moja wapo imeandikwa kabisa kwamba inafaa mashine ya kuoshea vyombo. Bluu ya hizo mbili iko tofauti kidogo ukiziweka sambamba, sikuwahi kuona.

Vikombe 6: vinne vimeandikwa Made in Occupied Japan kwa rangi nyekundu, viwili havina kitu. Visosi: vitano vina maandishi hayohayo, viwili havina mhuri, kimoja kati ya hivyo viwili kina alama kama 3 ndogo ya bluu tu.

Nimefanya na ile ya taa. Sahani na mabakuli hakupiti kitu. Vikombe vinapitisha mwanga kidogo. Na nikiangalia vizuri picha ya daraja kwenye vikombe ni mbaya kuliko ya sahani, wale ndege wawili wamekuwa kama madoa mawili.

Hii Occupied Japan ndo inanichanganya, bibi kavitoa wapi?


Kitako_cha_Sahani:
Umefanya kazi nzuri sana, na hapo ndo umepata jibu la karibu kila kitu. Nitaanza na vikombe kwasababu ndo vimebana mwaka kuliko vingine vyote.

Japani ilikuwa chini ya majeshi ya washindi kuanzia 1945 baada ya vita mpaka 1952. Walipoanza kuruhusiwa tena kuuza bidhaa nje mwaka 1947, bidhaa nyingi ziligongwa mhuri kusema zimetoka Japani iliyokaliwa. Mwaka 1952 ukaliaji ukaisha na maneno yale yakaisha. Kwahiyo mtu akikuletea kikombe chenye mhuri huo wa kweli unajua kimetoka ndani ya miaka kama mitano tu. Hakuna mhuri mwingine ninaoujua mimi unaobana hivyo bila kuwa na tarehe. Vile viwili visivyo na kitu visikutie wasiwasi, kwenye seti nyingi sio kila kipande kilipigwa mhuri.

Hii ya kuandika nchi ina historia yake ndefu na ikikaa kichwani inakusaidia kwa chombo chochote. Marekani walipitisha sheria ya ushuru mwaka 1890, ikaanza kufanya kazi 1891, kwamba kila bidhaa inayoingia kwao iandikwe jina la nchi ilikotoka. Viwanda vya Uingereza vilikuwa vinawauzia Wamarekani kwa wingi mno, ndo maana neno England linaanza kuonekana kwenye vitako. Hakuna nchi kabisa, mara nyingi ni kabla ya 1891. England tupu, mara nyingi miaka inayofuata. Made in England, hiyo ni karne ya 20, hasa baada ya Vita vya Kwanza. Nasema mara nyingi kwasababu kuna viwanda vilivyoandika mapema na vilivyochelewa. Kwa Wajapani ni vivyo hivyo, walianza kuandika Nippon, 1921 Wamarekani wakawaambia waandike Japan kwa Kiingereza, kwahiyo Nippon peke yake ni 1891 mpaka 1921. Germany unaiona, halafu ukiona West Germany hiyo ni 1949 mpaka 1990. Czechoslovakia haiwezi kuwa kabla ya 1918 kwasababu nchi yenyewe haikuwepo. Ramani ya dunia iko chini ya sahani.

Mabakuli: James na George Meakin walikuwa ndugu, kampuni ni ya 1851, kiwanda chao kilikuwa Hanley, moja ya ile miji sita ya wafinyanzi (Tunstall, Burslem, Hanley, Stoke, Fenton, Longton) iliyounganishwa 1910 ikawa Stoke-on-Trent. Walikuwa wanatengeneza vyombo imara vya kutumia kila siku na kuvipeleka nje kwa meli. Kwa Made in England pamoja na jua, mabakuli yako ni ya kuanzia miaka ya 1920 kuja mbele, na kampuni iliingia chini ya Wedgwood, kampuni nyingine ya vyombo ya Uingereza, mwaka 1970.

Sahani: Johnson Bros nao ndugu, nao Hanley, walianza 1883. Sita za kwanza ni kundi moja. Zile mbili ni za baadaye waziwazi, kiwanda hakiwezi kujisifu kuhusu sabuni za kemikali na mashine ya kuoshea kabla watu hawajawa navyo majumbani, hayo ni maneno ya baada ya Vita vya Pili. Angalia tena kama kuna maneno ya Wedgwood Group kwenye hizo mbili, yakiwepo ni kuanzia 1968 kwasababu ndo mwaka walioingia kwenye kundi hilo.

Na kwanini Wajapani na Waingereza wana picha moja? Kwasababu Willow, yaani hiyo picha ya daraja, haikuwa ya mtu mmoja. Ilianza Uingereza mwishoni mwa karne ya 18 wakiiga vyombo vya Kichina, ikanakiliwa na viwanda mamia nchi nyingi. Na ile hadithi inayosimuliwa kuhusu picha hii, ya wapenzi waliogeuka ndege, ilitungwa hukohuko Uingereza baada ya picha kuwepo tayari, haikutoka China. Hiyo ndo ilikuwa faida yake kwa mwenye nyumba, sahani ikivunjika unapata nyingine ya kiwanda kingine na meza inaonekana sawa.

Kwahiyo jibu: sio seti moja ya dukani. Ni seti iliyokusanywa. Na hakuna kipande cha 1902 humo. Kaa na mama yako mwambie vikombe ni kati ya 1947 na 1952, usimuulize "ni vya nani", muulize "nani aliolewa miaka hiyo".


fundi_wa_gundi:
Nadandia hapohapo samahani. Mimi nina sahani moja kubwa ya umbo la yai, niliachiwa na shangazi, haina jina la kiwanda wala nchi, nyuma ina alama kama almasi yenye herufi kwenye kona na juu yake kiduara kina IV. Nimeambiwa ni alama ya mtengenezaji ila jina silipati popote.


Kitako_cha_Sahani:
@fundi_wa_gundi sio ya mtengenezaji, hiyo ni alama ya usajili iliyotumika kabla ya nambari, 1842 mpaka 1883. IV maana yake daraja la nne, yaani vyombo vya udongo na kauri. Herufi ya mwaka kwa 1842 mpaka 1867 iko kona ya juu chini ya kile kiduara, kwa 1868 mpaka 1883 imehamia kona ya kulia. Ukiona juu kuna nambari badala ya herufi basi wewe uko kwenye kipindi cha pili, hiyo nambari ni siku ya mwezi. Ukishapata siku, mwezi na mwaka jina linapatikana, madaftari yenyewe yako kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza pale Kew, yanaonyesha nani alisajili siku hiyo. Usiiuze kabla hujafanya hivyo. Na ufungue uzi wako tukusaidie vizuri, huu tumuachie mwenzetu na bibi yake.


mama_kabati:
Mjukuu hujajibiwa la kulia chakula. Ushauri wangu: sahani zenye nyufa za nywele ziweke kando, hazisafishiki zikaisha, na gleizi iliyopasuka ndo inaachia vitu. Gleizi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na risasi inatoka zaidi kwa vitu vichachu na kwa chakula kukaa humo muda mrefu. Watoto wadogo na wajawazito wasitumie kabisa. Wala usitegemee vile vijiti vya kupaka vya kupimia nyumbani, vinakosea pande zote mbili, kama unataka uhakika peleka maabara au kwa mtu mwenye mashine ya eksirei. Mabakuli ya dhahabu yasiingie maikrowevu, dhahabu ni metali kama metali nyingine, itatoa cheche.

Na kwa wengine wanaosoma hapa, wenye zile sahani za rangi moja moja za Fiesta za Marekani zilizoanza 1936, ile nyekundu inayoelekea machungwa gleizi yake ilikuwa na urani. Muiweke kabatini muiangalie, ni nzuri sana kwa kuangalia.


Mjukuu_wa_Mwisho:
Wakuu nimerudi. Nimekaa na mama jana jioni yote, nimemuwekea vikombe mezani nikamuuliza vile Kitako alivyosema.

Mama akanyamaza. Akaenda akaleta bahasha yenye cheti cha ndoa cha bibi na babu. 1951.

Kumbe bibi alikuwa anasema tu "hivi ni vya harusi", na sisi kwa sababu vilikuwa vinaonekana vya kale sana tukavisogeza nyuma kizazi kizima tukampa mama yake. Ni vya kwake mwenyewe. Nimekua nikimuona bibi kama mtunzaji wa vitu vya watu waliokufa zamani, kumbe alikuwa anatunza ujana wake.

Zile sahani mbili mama anazikumbuka zilivyokuja. Walihama nyumba yeye akiwa msichana mkubwa, sahani mbili zikavunjika njiani, bibi hakusema neno ila alizitafuta zaidi ya mwaka mzima mpaka akapata zenye daraja. Nimeangalia tena kwa tochi, Kitako, maneno ya Wedgwood Group yapo kwenye ile moja ya mashine, kwahiyo baada ya 1968, na mama anasema ni hapohapo. Mabakuli yeye anasema yalitoka upande wa babu, yalikuwepo nyumbani kwao babu kabla ya harusi, yaani ndo ya zamani kuliko yote na ndo tuliyokuwa tunayajali kidogo kuliko yote kwasababu hayana picha.

Na kikombe cha saba kilivunjwa na mama akiwa na miaka sita. Bibi alikitunza kisosi chake.

Dada alikuwepo, alisikiliza yote. Tumeandika kwenye karatasi kila kipande kimetoka wapi na nani kasema, tarehe ya jana, tukaiweka ndani ya sanduku juu ya sahani. Sanduku linaenda kwake kwasababu ana kabati lenye kioo, mimi nimechukua kile kisosi kisicho na kikombe, mama ameniruhusu.

Swali la mwisho Kitako, ndo hicho chenye 3 ya bluu. Hiyo 3 ni nini?


Kitako_cha_Sahani:
Nimesoma mara mbili hii.

Hiyo 3 inaelekea kuwa alama ya mfanyakazi. Viwandani watu wa mapambo wengi walilipwa kwa idadi ya vipande, kwahiyo kila mtu alikuwa na alama yake ndogo, nukta, mstari, nambari, ili mwisho wa siku vihesabiwe vya nani ni vingapi. Haikuwekwa kwa ajili ya mnunuzi. Ni mtu mmoja alikuwa anahesabu kazi yake.